Mstari wa Boma Letu

Kijijini kwetu kura haipigwi kwa karatasi. Wanaotaka uongozi wanasimama uwanjani, mbele ya mashine ya kusaga, na watu wanapanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka. Kisha mhesabuji anapita akigusa vichwa. Mambo mengine ya kijiji tunayaamua hivyo hivyo: wanaokubali upande huu, wanaokataa upande ule, na jua linatuchoma sote sawa.

Ila mstari wa kwetu una desturi yake. Watu wa boma moja husimama pamoja, mwenye boma mbele, na kila aliye nyuma huweka mkono juu ya bega la aliye mbele yake. Wazee wanasema ilianza ili mtu asihesabiwe hapa kisha akachepuka akahesabiwe na kule. Sijui kama ni kweli, mimi niliikuta. Ukipanda kizingiti cha mashine ukatazama chini, huoni watu. Unaona maboma, yameungana kama mabehewa yanayopita Tororo.

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya boma letu sikuwa nimefika umri wa kuhesabiwa. Baba alikuwa ametangulia kufa, na mama alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Mdogo wangu wa kiume aliweka mkono begani kwangu, na mgongoni nilikuwa nimembeba kitinda mimba wetu, msichana, ambaye hata kutembea hakujua vizuri. Mtu mmoja akasema, "Leo tunahesabu na vifaranga?" Watu wakacheka. Mhesabuji alisita mbele yangu, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye ndiye huyu tuliye naye hadi sasa, akasema boma ni boma, haliwezi kukosa kichwa. Mhesabuji akagusa kichwa changu, akawaruka wadogo zangu, akaendelea.

Mguso ule niliutunza. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, na walimu walikuwa wamekwisha kunizoea nikipita na jembe wakati wenzangu wako darasani. Hakuna mahali pengine popote nilipohesabiwa.

Nieleze alivyokufa mama, maana kila kitu kinatoka hapo. Kutoka mashine ya kusaga hadi barabara kubwa ya Busia, mahali kilipo kituo cha afya, kuna njia ya miguu. Inapita katikati ya mihogo, inafika kwetu, inauzunguka ua wetu, kisha inateremka kwenye kijito na kupanda tena. Gari haliwezi kupita. Wakati wa mvua hata baiskeli inasukumwa. Mama alipozidiwa, jirani alimkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, wakamfunga kwa leso kwenye mgongo wa jirani huyo ili asianguke. Mimi nilibaki na mtoto. Jirani alisukuma pedeli akizungumza naye njia nzima: "Shikilia shemeji, tunafika. Shikilia, kijito hiki hapa." Alipofika barabarani ndipo watu walimwambia anazungumza na maiti. Hadi alipohama kijiji, mtu yule hakuweza kupita mbele ya ua wetu bila kuinamisha uso.

Tulimzika mama ubavuni mwa baba, mbele ya nyumba, pale njia inapokunja kuuzunguka ua wetu. Kaburi la baba lina saruji. La mama tuliliwekea matofali tu, nami niliyapanga upya kila mvua ilipoyachezea. Miaka ikaenda hivyo. Wadogo zangu walisoma mpaka walipoweza. Mimi nilipeleka muhogo Busia kwa baiskeli, nikavuka nao mpaka kuwauzia Wakenya, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata huko, kwenye gogo la kukalia nyuma ya malori. Waliokuja kuniposa niliwauliza kama watatuchukua sote watatu. Mmoja alisema atafikiria. Bado anafikiria.

Kisha, miaka michache iliyopita, akaja madamu.

Tulimwita hivyo kwa sababu alivaa viatu vilivyofungwa na alitoka mjini, akitumwa na shirika moja linalohimiza vijiji vizungumze kuhusu uongozi wao. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo. Hakuleta jukwaa wala kipaza sauti. Siku ya kwanza alitukuta tumekaa kama tulivyozoea, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake chini kwenye mikeka nyuma yao, na akatuomba tukae duara. Ilichukua muda. Wazee hawakujua pa kuweka mabenchi kwa sababu duara halina mbele.

Akauliza, "Nani hapa hajawahi kusema neno katika kikao cha kijiji?"

Kukhu, bibi kizee jirani yetu, mjane, ambaye kijiji kizima kinamwita Kukhu yaani nyanya, akainua mkono pamoja na kijiko alichokuwa nacho.

"Mimi."

"Kwa nini, Kukhu?"

"Kila nikiwa na neno, chai inachemka. Nikirudi, mmeshafunga kwa maombi."

Watu walicheka, na mwenyekiti alicheka pia, lakini madamu alisubiri mpaka kicheko kikaisha, akamuuliza, "Na neno lenyewe lilikuwa nini?" Kukhu akafikiri, akasema, "Yalikuwa mengi. Nimeyasahau. Mengine yalikuwa mazuri."

Hivyo ndivyo mazungumzo yetu yalivyoanza. Tulikutana baada ya mavuno, tukakutana tena baada ya kupanda. Ilikubaliwa kwamba chai itapikwa baada ya kikao, na wanaume wachote maji. Ilikubaliwa kwamba mambo ya fedha za kijiji yasomwe kwa sauti, kwa Kisamia chetu na kwa Kiswahili, kwa sababu wake wengi wameolewa hapa kutoka upande wa Tororo au kutoka Kenya. Mambo madogo. Lakini niliporudi nyumbani jioni zile nilijiona ninatembea kwa mwili mwingine.

Siku moja madamu aliuliza kuhusu mstari. Alikuwa ameusikia, akataka kujua unavyofanya kazi. Tulimwonyesha. Alipotazama maboma yakiungana kwa mabega, aliuliza, "Na aliye nyuma akitaka upande mwingine?"

Swali lilikuwa kama kuuliza mkia ukitaka kwenda kwingine.

Nikasimama mimi. Nilisema nimekuwa mbele ya boma langu tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kugeuka kuwauliza walio nyuma yangu. Nilisema wadogo zangu sasa ni watu wazima. Kaka yangu ana mke, dada yangu ana mtoto. Nilisema kila mtu asimame na kichwa chake. Nilisema maneno mengi siku ile, na yalinitoka kwa urahisi, kama mtu anayemwaga maji ambayo hakuyachota mwenyewe.

Mzee mmoja akauliza, "Na mke wangu akienda mstari wa pili, jioni nani atanipa ugali?"

"Mstari wa pili," Kukhu akajibu.

Tuliamua hivyo. Kila mtu na kichwa chake, na mikono ikae ubavuni. Nikiwa sokoni upande wa Kenya nilimsimulia mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu nami. Akasonya, akaniambia, "Sisi mlolongo tulitupa zamani. Tulichoka kuhesabiwa kama mbuzi wa mahari." Nikamwambia, "Sasa na mbuzi anachagua malisho." Alicheka mpaka akamwaga kipimo chake. Nilijivuna kwa siku kadhaa kwa jibu lile.

Halafu ikaja habari ya barabara.

Gombolola, yaani serikali ya tarafa yetu, ilipata greda kwa muda, na kwa sababu ya mazungumzo yale ilisema kijiji chetu kichague chenyewe barabara ipite wapi. Madamu alifurahi, ndiyo mara ya kwanza tulipoulizwa jambo lenye uzito. Fundi alikuja, akapima kwa kamba, akatueleza waziwazi. Kuna njia moja tu inayowezekana, ile ya miguu, kutoka mashine hadi kituo cha afya. Kuzungukia bondeni ni kuzuri, lakini huko maji yanasimama, panahitaji makalavati na udongo wa kujaza, na hivyo havikuja na greda. Njia ya miguu itanyooshwa na kupanuliwa. Mihogo ya watu kadhaa itakwenda, migomba ya Kukhu itakwenda. Na pale kwetu haitazunguka tena ua. Itapita mbele ya mlango, juu ya baba na mama, na lazima wahamishwe.

Kuchagua kulikuwa ni hivi: barabara, au tubaki tulivyo.

Kwa watu wa kwetu kaburi halifunguliwi. Aliyelala amelala. Kuna watu wameachia shamba zima liwe pori kwa sababu ya kaburi moja. Sikuwa na haja ya kufikiri. Mama yangu alikuwa amesafirishwa mara moja akiwa hawezi kusema, amefungwa kama mzigo. Sikuwa tayari asafirishwe tena.

Dada yangu mdogo ana mtoto wa kiume mwenye selimundu. Wasioujua ugonjwa huu wana bahati. Mtoto anacheza asubuhi, mchana anaanza kulia kwamba anaumwa mikono, kisha miguu, kisha mwili wote, na macho yanageuka rangi ya manjano kama yai. Nimeona dada yangu akiteremka njia ile kwenye matope, mtoto mgongoni, kiatu kimoja kimebaki kwenye kijito. Nimembeba mimi mwenyewe pia. Haya yote niliyajua. Nasema tu kwamba niliyajua, na mama alikuwa pale mbele ya mlango, na yote mawili yalikuwa kweli.

Jioni kabla ya kikao tulikula pamoja, kwangu, kama kawaida. Kaka yangu alikuwa ametoka Busia, ambako anafunga maturubai kwenye malori yanayosubiri forodha, na viganja vyake vilinuka kamba. Alitania kwamba barabara ikija atanunua gari.

"Utanunua tairi," mke wake akamwambia. "Gari utalifuata pole pole."

Dada yangu hakucheka. Alikuwa akimlisha mtoto. Akaniuliza bila kuinua macho, "Dada, kesho utasimama wapi?"

"Kwa mama," nikasema.

"Sawa, dada."

Akaendelea kumfuta mtoto mdomo. Nilidhani tumemaliza. Katika boma letu, "sawa, dada" ilikuwa imetosha tangu zamani.

Siku ya kikao uwanja ulijaa. Madamu alikuwepo, na mtu wa gombolola alikuwepo. Watu walisema walichotaka kusema. Wenye mihogo walilalamika, wenye wagonjwa walieleza. Mimi nilisema maneno machache: kwamba waliolala pale hawana mdomo, na mdomo wao ni mimi. Hakuna aliyenipinga. Watu walitazama chini, na nikaona kwamba wananionea huruma, na huruma si kura.

Mwenyekiti akasema wanaokubali barabara wasimame upande wa mashine, wanaokataa upande wa kanisa. Kila mtu na kichwa chake.

Nilitembea upande wa kanisa nikasimama. Nilitazama mbele, kama nilivyozoea, kwa sababu mwenye boma hageuki. Nilingoja mkono begani. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mikono ikae ubavuni, ndiyo, na ni mimi niliyesema. Lakini bega halikuwa limehudhuria vikao vile. Lilingoja. Nilisikia nyayo zikipita nyuma yangu, nyingi, zikielekea kule. Nilisikia mtoto akikohoa, nikakijua kikohozi kile, na kilikuwa mbali.

Nikageuka.

Upande wa mashine mstari ulikuwa umepinda kwa urefu. Kaka yangu alikuwa katikati yake, ameshika kofia mkononi. Mbele yake alisimama mkewe, na mbele ya mkewe dada yangu, mtoto mgongoni. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Alikuwa akilia bila sauti, na hafuti machozi.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Wachache wenye mihogo walikuwa wamesimama kando kidogo, wakibishana wenyewe kwa wenyewe. Halafu nikamwona Kukhu anakuja na fimbo yake, taratibu, akivuka uwanja mzima watu wakimtazama. Alifika, akapumua, akaniwekea mkono begani.

"Mkono ukae ubavuni, Kukhu," mhesabuji akamwambia.

"Ubavu wangu unauma," akasema. "Hesabu uende."

Hapakuwa na haja ya kuhesabu, lakini alihesabu. Ndipo wazee wawili walipomwendea mwenyekiti, wakamnong'oneza, naye akainua mkono. Alisema jambo la barabara limekwisha kwa mstari, lakini la makaburi ni la boma. Desturi ya mstari ilibadilishwa juzi tu. Desturi ya makaburi haijabadilishwa na mtu. Kama kichwa cha boma hakitaki, hakuna jembe litakalogusa pale, greda irudi ilikotoka. Akaniita jina la baba yangu, binti wa fulani, mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye kichwa," akasema. "Tangu siku ile, mimi ndiye niliyeamua uhesabiwe. Sema neno, niwaambie wadogo zako warudi nyuma yako, na mambo yaishe."

Madamu alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Mkanda wa mashine ulikuwa ukigonga-gonga ndani. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa dada yangu, mkono wake umening'inia, umevimba vidole kama kawaida yake. Nilijua kwamba nikisema neno moja atarudi. Kaka angerudi pia. Wangenishika bega kwa mikono yao yote miwili. Wasingenilaumu hata siku moja, na mama angebaki.

Nikasema, "Mimi nasimama hapa. Sikubali, na sitakubali. Lakini nilisema kila mtu asimame na kichwa chake, na wao wamesimama. Sina neno la kuwarudisha, wala sitaizuia barabara waliyoichagua."

"Una hakika?" mwenyekiti akauliza.

"Nimesimama," nikamwambia.

Sikuhamia mstari mwingine. Watu wengine walisema baadaye kwamba ningevuka tu, ingekuwa vizuri zaidi kwa macho, boma moja, upande mmoja. Sikuweza. Kama ningevuka, mama asingekuwa na mtu hata mmoja wa damu yake upande wake.

Kwa kuwa ilikuwa iwe, nilitaka iwe vizuri. Mama alizaliwa Rubongi, karibu na Tororo, na huwezi kumgusa mtu bila watu wa kwao. Nilikwenda mwenyewe kumwita mjomba. Alinisikiliza akiwa amekaa mlangoni pa duka lake dogo, askari wa kambini wakija kununua sabuni na kuondoka. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Alisema tu, "Dada yangu tulimtoa hapa kwenda kuolewa, akicheka njia nzima. Sasa mnampeleka wapi tena?"

"Nyuma ya nyumba, mjomba. Penye kivuli."

"Huko nyuma kuna nini?"

"Migomba."

"Alipenda ndizi," akasema, akafunga duka.

Walichimba asubuhi. Baba alikuwa wa kwanza, na saruji ilisumbua. Kwa mama ilikuwa rahisi, matofali tu, niliyoyapanga mwenyewe, na nikayatoa mwenyewe moja moja nikiyaweka pembeni. Wanawake wengine walibaki jikoni kama inavyotakiwa. Mimi sikubaki, na hakuna aliyeniambia nibaki. Walipofika chini mjomba alishuka peke yake na shuka jipya jeupe. Vilivyokuwa vimebaki vilikuwa vichache, pamoja na kipande cha leso, upindo tu, wenye rangi ambayo sikuitambua.

Dada yangu akaja akasimama karibu nami. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu kikao, zaidi ya habari za maji na kuni. Alitazama shimo. Alikuwa bado mtoto wa kunyonya mama alipokufa. Hakuna kitu anachokumbuka, na picha hatuna.

Akaniuliza polepole, "Dada, alikuwa mrefu?"

"Mfupi," nikamwambia. "Mfupi kuliko wewe."

"Mbona shimo ni refu?"

"Baba mdogo, aliyekuja kwa mazishi tu, alichimba kwa kipimo cha baba. Hakuna aliyemwambia apunguze."

Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ni jambo la kurekebisha. Na kule nyuma, penye migomba, nilimwona akimwendea mchimbaji, akimwonyesha kwa mikono: mpaka hapa, inatosha, mpaka hapa. Ndivyo walivyofanya. Mama sasa ana kaburi la kimo chake.

Mjomba alisema maneno ya kwao, kwa Kidhopadhola, ambayo mama alikuwa akiniimbia nikiwa mdogo na mimi nimeyapoteza. Tukafukia. Kaka yangu alibeba matofali yote kwenye toroli, akaanza kuyapanga. Aliyapanga vibaya. Nilimwacha mpaka alipoondoka, nikayapanga upya.

Greda ilikuja, ikamaliza sehemu yetu kabla ya chakula cha mchana. Sasa kuna barabara ya murami, ule udongo mwekundu wa kokoto, mbele ya mlango wangu. Vumbi linaingia kwenye sufuria. Pikipiki zinapita na magunia, na siku moja lori lililopotea lilipita likitafuta Busia, kaka yangu akasimama mlangoni akalichekea turubai lake lilivyofungwa.

Mazungumzo yanaendelea. Madamu alihamishiwa kwingine, na sasa tunajiita wenyewe. Mara nyingine mimi ndiye ninayeuliza maswali, na nikiuliza ninangoja mpaka kicheko kiishe, kama yeye. Tunasimama kila mtu na kichwa chake. Dada yangu amekwisha kusimama upande wangu mara nyingine, na kaka pia, kwa mambo mengine, kwa kutaka kwao. Hawanigusi bega, desturi imekufa. Kukhu naye alikufa mwaka jana, kwa uzee, na alisafirishwa kwa gari hadi kituo cha afya na kurudishwa kwa gari, kupitia palipokuwa na migomba yake.

Kuna jambo moja nimelitunza mwisho. Dada yangu alikuwa, kila akimpeleka mtoto kituoni kwa bodaboda, anamwomba dereva asimame mbele ya nyumba yangu. Anashuka. Anatembea hatua zake mpaka avuke mahali mama alipokuwa, mtoto mikononi, kisha anapanda tena. Hakunieleza, nami sikuuliza. Madereva wote wa hapa walizoea. Wakimbeba walianza kupunguza mwendo kabla hajasema. Nilikuwa ninamwona kutoka uani nikimenya mihogo, na kila mara kitu fulani ndani yangu kilikaa chini.

Msimu huu wa mvua mtoto alishikwa vibaya. Niliisikia pikipiki ikija kwa kasi kutoka upande wa mashine, nikainuka. Mtoto alikuwa halii tena, na hiyo ndiyo hali mbaya. Dereva alipunguza, kama kawaida. Dada yangu akaanza kuinua mguu ashuke.

Nilikwenda hadi ukingoni mwa barabara. "Usishuke," nikamwambia. "Pita."

Alinitazama kama siku ile ya mistari.

"Dada, hapa ni..."

"Najua ni wapi. Pita, mama."

Dereva akaongeza moto. Walipita juu ya mahali pale bila kusimama, wakateremka kuelekea kijito, nami nilibaki pale nikisikiliza mpaka pikipiki ilipopanda upande wa pili. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, penye migomba, nikakaa karibu na matofali kumweleza mama kwa nini.

Safari ile mtoto alirudi.